Ngiri Niliyomwibia Théodore

Jumatatu, 4 Juni 1956

Habari imefika! Nafasi ni moja. Mwaka mzima Léopoldville, upasuaji tu, kisu mkononi asubuhi hadi jioni! Soeur Gertrude, mtawa anayetawala chumba cha upasuaji kama jiko lake mwenyewe, ametutangazia leo baada ya kazi. Profesa anatoka Ubelgiji, anafika wiki ijayo kuchagua. Kila anayeitaka nafasi alete mgonjwa wake wa ngiri, mtu mzima, aliyekubali kwa hiari yake, ampasue mbele ya Profesa. Atakayemridhisha ndiye atakayekwenda.

Tunaoitaka ni wawili. Mimi, na asistanti mwenzangu, Théodore.

Niandike wazi, maana daftari hili halisomwi na mtu isipokuwa mimi (na Pétronille, mke wangu, ambaye anasema hasomi). Sisi asistanti ni madaktari kwa kila kitu isipokuwa jina. Nilimaliza shule ya uganga, nikamaliza mazoezi, na tangu nirudi Kisangani kazi yangu chumbani mle ni kushika vile vyuma vya kupanulia jeraha huku mzungu akikata. Nashika vizuri sana. Hakuna mtu aliyewahi kusifiwa kwa kushika.

Mwaka jana nilipelekwa zamu Banalia, peke yangu. Wakaleta mtu, ngiri imekwama, utumbo umejinyonga. Nilijua la kufanya. Ruhusa ya kukata sikuwa nayo. Tukampakia kwenye lori kuja huku, akafa njiani, kichwa chake kwenye paja langu. Sitaki kuliona jambo lile tena. Naitaka nafasi hii mpaka usingizi unakataa.

Tena wanasema suti za Léopoldville ni nzuri sana.

Théodore amekwisha kuanza kupiga mluzi kwenye varanda ya wodi. Anajipaka mafuta ya nywele hadi nzi wanateleza. Anabeba kalamu mbili mfukoni na anaandika kwa penseli. Mtu wa namna hii ndiye atakayepewa kisu? Haiwezekani.

Jumatano, 6 Juni

Shida ni mgonjwa. Watu wenye ngiri wamejaa mji mzima, ila ukitaja kisu wote wamepona. Nilifikiri sana. Askari! Askari amezoea kutii. Jana jioni nikapanda baiskeli hadi kambi ya Kapalata, nikampata Koplo Daudi, ana ngiri ya kupendeza upande wa kushoto. Alikubali mbele ya wenzake wote. Alisema yeye haogopi risasi, ataogopaje kijisu. Wenzake wakampigia makofi, nami nikapiga.

Leo asubuhi akaja, viatu vinang'aa. Tukamvua, tukamlaza, tukampa gauni la wagonjwa. Soeur Gertrude akapita na sinia ya vyombo. Koplo akauliza kwa adabu choo kiko wapi. Nikamwonyesha. Hakurudi. Dirisha la choo lilikuwa wazi.

Mchana kambi ikamtuma mtu kuchukua viatu. Alisema koplo anashukuru sana kwa matibabu, amepona kabisa. Gauni hawakulirudisha. Soeur Gertrude ameniuliza nani atalijibia.

Théodore anapiga mluzi.

Ijumaa, 8 Juni

Mpango wa pili. Mkubwa zaidi! Nimegundua kosa langu: nilimtegemea mtu mmoja. Safari hii nikavuka mto kwa pirogue, mtumbwi wa kasia, hadi Lubunga, nikasimama karibu na reli, nikatangaza kwamba kila mwenye uvimbe atakayekubali kupasuliwa atapewa makayabu, samaki wa chumvi, ya kupeleka nyumbani. Nilikuwa na kapu zima la makayabu, nimelichukua jikoni kwetu.

Walikuja! Mstari mrefu! Nikahisi nimezaliwa kwa kazi hii. Nikaanza kupima. Wa kwanza alikuwa na jipu. Wa pili alikuwa na mimba. Wa tatu alisema uvimbe wake huja tu mwezi ukiwa mpevu. Mzee mmoja alikuwa na busha, maji matupu, kitu kingine kabisa. Nilipomweleza kwamba busha siyo ngiri alikasirika mno. Alisema nimetangaza uvimbe, na uvimbe ndio huu, mimi nataka uvimbe gani tena?

Wote wakadai makayabu yao. Nikajaribu kueleza sharti la kupasuliwa. Wakanizunguka. Niligawa mpaka kapu, ndipo wakaniachia njia ya ufukweni.

Upande wa pili Théodore alikuwa amesimama kwenye gati. Aliniuliza kama nimefungua duka la samaki. Nyumbani Pétronille aliuliza jambo hilohilo, kwa sauti nyingine.

Jumamosi, 9 Juni

Ajabu! Alfani, mhudumu wa wodi, ambaye hawezi kukaa na habari hata muda wa kula, ameniambia: Théodore ana mgonjwa. Ngiri! Amemficha katika kile chumba kidogo cha mwisho, nyuma ya pazia. Jina aliloandikishwa si lake. Hakuna anayeruhusiwa kuingia isipokuwa Théodore na Soeur Gertrude. Chakula chake huletwa kimefunikwa, giza likiingia. Na Théodore ameomba jambo moja kwa mkazo: Valère asikaribie pale kwa hali yoyote.

Mimi! Kwa jina langu!

Maana yake iko wazi. Ngiri hiyo ni nzuri kiasi kwamba anaogopa nitaiiba. Kabla ya hapo sikuwa na wazo la kuiba. Ni yeye aliyenipa.

Nyumbani nako kuna mambo. Pétronille ameniuliza mara mbili kama Jumanne niko kazini. Anasema naonekana nimechoka, kwa nini nisiende kumsalimia mama yangu mpaka Jumatano. Halafu amepika lituma ya ndizi za kuponda na samaki wa kutosha watu wanne, mimi nimepewa ya mtu mmoja, iliyobaki haipo. Nilipouliza alisema mbwa. Hatuna mbwa. Sina nafasi ya kufikiria mambo ya mbwa sasa hivi.

Jumapili, 10 Juni

Baada ya misa nilikwenda kwenye maporomoko, kwa wavuvi, ndugu za mke wangu. Watu wanaovuta yale makapu makubwa kwenye nguzo, maji yakinguruma chini yao, lazima wapate ngiri. Pengine bado naweza kupata mgonjwa wa halali. Nilikwenda kwa moyo safi kabisa.

Nilijiandaa kwa heshima zote, maana baba mkwe wangu, Papa Séverin, ni mkubwa wa wavuvi pale. Kwetu mkwe hachezewi. Sili mbele yake. Nikisema naye nasimama ubavu. Wavuvi wakioga napita nimeshusha kofia mpaka kwenye pua, maana mkwe akiuona mwili wa baba wa mkewe, hata kwa bahati mbaya, ni aibu ya ukoo mzima: mke anarudishwa kwao siku hiyohiyo, anakaa huko mpaka aibu ifunikwe. Namheshimu sana Papa Séverin. Yeye ananivumilia.

Hakuwepo. Shemeji zangu walisema amekwenda Banalia kwenye matanga. Nikauliza matanga ya nani. Wote wakageuka kuangalia maji. Nikatoa pole. Wakajikausha, halafu mmoja akaanza kukohoa kicheko. Watu hawa wana namna yao ya kuomboleza.

Hakuna aliyekubali kuwa ana ngiri. Bon. Nimejaribu njia ya haki. Imeshindikana.

Jumatatu, 11 Juni

Profesa amefika. Mrefu, masikio makubwa, maneno machache. Alituita ofisini, akatuuliza kwa nini tunataka mafunzo haya. Théodore alikuwa amekariri hotuba fupi. Mimi nilisema kutoka moyoni: nilianza na utoto wangu, nikapita shuleni, nikafika Banalia, nikagusia hali ya barabara. Profesa akatazama saa ya ukutani. Soeur Gertrude akakohoa. Nikamalizia na barabara.

Théodore anapasua kesho asubuhi. Mimi sina mgonjwa, kwa hiyo nimepangwa kutazama. Kutazama!

Mpango huu hapa. Théodore ana tonton, yaani mjomba, kule Lubunga, anampenda kupita kiasi, maana ndiye aliyemlea na kumsomesha. Kesho alfajiri Alfani atamwambia tonton ameanguka na anamwita. Théodore atakimbia ufukweni. Mto ni mpana na wapiga kasia hawana haraka. Yaliyobaki watafanya wao. Mimi nitamwambia Soeur Gertrude kwamba mwenzangu ameniachia mgonjwa wake kwa mapenzi. Rahisi!

Alfani aliuliza kama si dhambi. Nilimwambia ni kwa ajili ya wagonjwa wa Tshopo nzima. Akafikiri kidogo, akasema wagonjwa wa Tshopo ni wengi, basi na sukari iwe nyingi. Nimempa sukari. Pétronille akiiuliza, nami nitasema mbwa.

Jumanne, 12 Juni

Sijui nianzie wapi. Mkono unatetemeka. Laiti ungetetemeka asubuhi, mambo yangeishia mapema.

Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga, jambo ambalo lingemtia shaka mtu mwingine. Théodore alitoka mbio, hata nywele hajachana. Soeur Gertrude alinitazama kwa muda mrefu. Aliuliza kama nina hakika mgonjwa mwenyewe amekubali nimpasue mimi. Nikasema amekubali kwa furaha. Akataka kusema kitu, lakini Profesa alikuwa amekwisha kunawa mikono na anangoja. Akachukua sinia yake ya vyombo.

Mgonjwa aliletwa amefunikwa. Sindano ya mgongo alikwisha kuchomwa, ile inayolaza miguu na kukiacha kichwa macho. Shuka lilitundikwa kifuani kama ukuta: kule kichwa, huku kazi. Nikafunua. Lo! Ngiri ya kulia, kubwa, safi, laini, kama ya kwenye kitabu! Nikaipaka iodini kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, nikiisifu moyoni. Niliiosha yote, pamoja na majirani zake wote.

Profesa akaitikia kwa kichwa. Nikakata. Sijawahi kuona mkono wangu ukitulia vile. Ngozi, mafuta, utando mgumu wa chini. Nilifurahi kama mtoto. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya shuka.

"Munganga, umeanza? Miye sisikie kitu. Bon. Kata tu."

Papa Séverin.

Baba mkwe wangu! Nilimwona! Nilimpaka iodini!

Yote yakanijia kwa mkupuo: pazia, jina la uongo, matanga ya Banalia, yule mbwa. Mzee alikuwa na ngiri. Angekujaje hospitalini anakofanya kazi mkwe wake? Kwa hiyo alimwendea Théodore, na Théodore akamficha, si kwa ajili ya mtihani, bali ili kumlindia mzee heshima yake, na mimi yangu. Na Pétronille alijua, na alipika.

Nikitoka, nafasi imekwenda. Nikibaki na mzee akajua, Pétronille amekwenda. Njia ilikuwa moja: uso wangu una kitambaa, mikono ina glovu, mzee haoni upande huu. Kinachoweza kunitambulisha ni sauti tu. Basi nisiseme. Mimi, Valère, nisiseme!

Profesa akaanza kuuliza. Utando huu ni upi? Nikaonyesha kwa koleo. Neva iko wapi? Nikaionyesha, nikaisogeza taratibu pembeni. Mfuko wa ngiri? Nikautenga, nikaufungua, utumbo ukarudi wenyewe ndani. Sikutamka neno. Profesa akamwambia Soeur Gertrude, kwa Kifaransa, kwamba jana alinidhania vibaya, kwamba hatimaye amempata mtu anayefanya kazi badala ya kusimulia. Jamani! Nilitaka kumshukuru! Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu.

Kule nyuma ya shuka mzee hakuwa na kazi nyingine ila kuongea.

"Munganga, weye hausemi. Ni muzuri. Miye niko na bokilo wangu humu hospitali, jina yake Valère. Ule akianza kusema, samaki inakauka juu ya moto. Tafazali asinione. Ni mutu muzuri, anapenda mutoto wangu, siwezi kukatala. Lakini kisu? Ule? Noeli alipasua samaki kwetu, akapasua na nyongo. Siye wote tulikula uchungu, mpaka na padri."

Ilikuwa imebaki kufunga shingo ya mfuko na kushona. Kushona tu! Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza muda wa kuchemsha chai. Nafasi ilikuwa mkononi, Léopoldville ilikuwa mkononi. Lakini yule samaki! Tangu Noeli wananisingizia habari ya yule samaki!

"Kisu ya mama ilikuwa butu, papa!" nikasema.

Hata Soeur Gertrude aliangusha koleo.

"Valère?" ikauliza sauti.

"Hapana," nikajibu.

Papa Séverin ni mtu anayepambana na maporomoko kila siku ya Mungu. Miguu ilikuwa imelala, mikono haikulala. Alijiinua kwa viwiko, shuka likaanguka, tukatazamana, yeye kule, mimi huku, na kati yetu ile kazi iliyo wazi. Akapiga kelele. Kila alipopiga kelele tumbo lilisukuma utumbo nje tena. Profesa akauzuia kwa kidole chake, na bila kuinua macho akaniambia nitoke.

Mlangoni nikagongana na Théodore, suruali imelowa mpaka magotini. Tonton wake alikuwa mzima, anachonga kasia. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alinawa mikono, akaingia, nikamsikia anasema na mzee kwa upole mpaka kelele zikaisha. Akamaliza yeye. Afadhali angenipiga.

Jumatano, 13 Juni

Nafasi ni ya Théodore.

Profesa aliniita. Nilitayarisha maelezo marefu, sikupata pa kuyaweka. Alisema mikono yangu angeichukua leo hii. Alisema kukata kwangu ni safi kuliko kwa mwenzangu, na hilo ataliandika. Lakini mgonjwa alimkubali Théodore, hakunikubali mimi, na nilimkata mtu kwa uongo. Ukweli, alisema, Léopoldville hawawezi kuufundisha, wala uongo hawawezi kuutoa. Nirudi baada ya miaka michache.

Nilikwenda kwenye chumba cha mashuka nikalia. Nililia kwa ajili ya nafasi, halafu nikamkumbuka yule mtu wa Banalia kwenye lori, nikalia upya. Alfani alinikuta, akaniletea chai. Ilikuwa na sukari nyingi. Niliijua ile sukari.

Jumamosi, 16 Juni

Pétronille yuko kwao. Aliondoka Jumanne ileile, hakunipigia kelele. Alifunga nguo, akachukua sufuria zote, na ile yenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikiwa bado ya moto. Alisema alimwomba baba yake miezi mingi akubali kupasuliwa kabla ngiri haijamuua, na alipokubali sharti lake lilikuwa moja tu, nalo ni mimi. Halafu akaenda. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nakula kwanga kavu, mkate wa muhogo, nimesimama.

Hospitalini mzee ameamuru nisipite mbele ya dirisha lake. Kwa hiyo ili nifike wodini nazunguka nyuma ya kufulia, napita katikati ya kamba za nguo, naruka mfereji, naingia kwa mlango wa jikoni. Wapishi wameanza kunipa vitunguu nimenye.

Nimemuuliza Théodore, kwa njia ya kikazi, mshono wa mzee unaendeleaje. Amesema unaendelea vizuri. Nikamkumbusha kwamba mkato ule ni wangu. Aliangalia dari.

Shemeji zangu wamekuja na hukumu ya ukoo. Nilichokiona lazima nikifunike. Jumapili ya wiki ijayo niende kwa mzee na kitambaa kipya na kuku, kinyumenyume, kuanzia barabarani mpaka miguuni pake, bila kugeuza shingo. Nikifika nimfunike magoti bila kumtazama, niape sitaugusa tena mwili wa mtu yeyote wa nyumba ile. Aibu itakuwa imefunikwa. Nikigeuka njiani, naanza upya.

Jumapili, 24 Juni

Imekwisha! Pétronille amelala chumba cha pili wakati naandika, na sufuria zimerudi.

Walijaa wavuvi wote na wake zao. Nilianzia barabarani, mgongo mbele, kitambaa begani, kuku kwapani. Siyo rahisi kama mtu anavyodhani. Watoto walinielekeza: kushoto, tonton, kulia, tonton. Walinielekeza vizuri mpaka uani. Pale mmoja akasema nyoosha tu. Nikanyoosha, nikaingia matako mbele ndani ya kapu la kuvulia, lile refu lenye mdomo mpana, nikazama mpaka kwapa, miguu juu. Kuku akaruka. Nikaendelea kutazama mbinguni, sikugeuza shingo, waandike hilo.

Papa Séverin alikuwa ameapa kutocheka nami mwaka mzima. Kwanza nikasikia kiti kinalia. Halafu yeye.

"Munitolee huyu mutu hapa! Uzi itakatika! Aïe, mushono yangu, munitolee yeye!"

Alicheka ameshika kinena kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, na ukoo mzima ukacheka naye. Shemeji zangu wakanibeba pamoja na kapu mpaka mbele ya mzee. Nikamfunika magoti nikiwa bado nimo ndani. Akaweka mkono juu ya kichwa changu, mara moja tu, akauondoa. Akasema hata maumivu ya kucheka ni madogo kuliko yale aliyokuwa nayo akivuta kapu. Akasema mkato ni mzuri. Sikutazama, lakini nilisikia.

Nikaapa mbele ya wote. Sitagusa, sitaona, sitakaribia mwili wa mtu yeyote wa nyumba ile, mpaka nife. Nililia tena, safari hii hadharani. Pétronille alinitoa kwenye kapu. Niliapa kwa moyo wangu wote. Mambo ya hila nimemaliza.

Jumatano, 27 Juni

Théodore ameondoka na meli. Nilikwenda kumuaga. Nilimwambia apasue vizuri, kwa ajili ya wale watu wa njia ya Banalia, na yeye akaniambia nitafika tu, siku moja. Ni mtu mwema. Hilo linaudhi sana.

Nilirudi hospitalini, kinyonge, nikamkuta Alfani ananingoja mlangoni, habari imemjaa mpaka machoni. Daktari wa macho! Anakuja Agosti kutoka Ulaya! Anachagua asistanti mmoja wa kumfundisha, mwaka mzima, kisu kidogo kabisa! Kila anayetaka alete mgonjwa wake.

Macho! Nani amewahi kuvua suruali kwa ajili ya jicho? Hakuna uchi, hakuna aibu, hakuna kitu cha kufunika!

Na jioni hii, tukila, Pétronille akataja kwa bahati tu kwamba mama yake, Mama Agathe, jicho la kushoto limefunga ukungu, siku hizi anatia chumvi kwenye chai. Nilishusha kijiko. Ni kweli niliapa. Ni kweli pia kwamba mama mkwe ni mzito kuliko baba mkwe: huyo haangaliwi hata usoni. Lakini siku ile atakuwa amefunikwa uso wote isipokuwa jicho lenyewe, na mimi nimeanza kujizoeza kusema puani kama mzungu. Sukari nimekwisha kumpelekea Alfani. Uso wa Mama Agathe sitauangalia kabisa, namheshimu mno. Nitaangalia jicho tu, tena la kushoto peke yake.